Anwani Hii, Nani Anaijua? Mhadhara Kuhusu Hatua Inayofuata Katika BGP

Wahandisi wenzangu, sitaeleza kwa kirefu BGP, itifaki ambayo ruta, yaani vifaa vinavyoelekeza pakiti za data, huambiana njia za kufikia anwani, maana hakuna aliyeketi humu asiyeijua. Nimekuja na lalamiko langu la siku zote: mtu anaona jirani, yaani ruta ya upande wa pili, yuko hewani, anaona njia imeorodheshwa, kisha anashangaa kwamba pakiti haziendi, na jambo la kwanza analofanya ni kuzima na kuwasha upya muunganisho ambao haukuwa na kosa lolote.

Chukueni mtoa huduma mmoja, ambaye sitamtaja, mwenye ruta ya mpakani Dar es Salaam na nyingine Dodoma. Ruta ya Dar inapokea kwa jirani wa nje njia ya kwenda kundi la anwani 203.0.113.0/24, ambayo hatua yake inayofuata, yaani anwani ya kukabidhiwa pakiti, ni 192.0.2.1, ambayo ni anwani ya jirani huyo kwenye waya unaowaunganisha. Hapo pana amani, kwa kuwa ruta ya Dar imo kwenye waya huohuo. Kisha inaipeleka njia hiyo Dodoma kwa BGP ya ndani, yaani kati ya ruta za mtandao mmoja, na, kama RFC 4271 ya mwaka 2006, waraka wa kanuni za BGP, inavyoagiza, haiibadilishi anwani: Dodoma nayo inaambiwa ipitie 192.0.2.1. Lakini Dodoma haijapata kuusikia waya huo, kwa sababu hakuna aliyeuingiza katika OSPF, itifaki ambayo ruta za ndani huambiana ramani ya mtandao wao. Ni sawa na kumwelekeza mgeni afikie kwa Mzee Fulani bila kumtajia kijiji. Ruta inaitunza njia, inakataa kuichagua, haiitumii kupitisha pakiti, wala haiwatangazii majirani wake. Waliokuwa zamu walikagua fayawoli, wakabadili moduli ya nyuzi, wakampigia simu jirani asiye na hatia. Hakuna aliyeuliza Dodoma inaifikiaje anwani hii.

Najua yupo atakayesema kanuni yenyewe ni mbovu. Si mbovu. Mkiuingiza waya huo katika OSPF, siku ukikatika habari huenea mara moja, na njia zote zinazoutegemea hubatilika kwa pamoja bila kusubiri kuondolewa moja moja. Mwingine ataniambia aliweka njia ya msingi, ya kupitisha pakiti zisizo na njia nyingine, pale Dodoma na mambo yakaenda. Yalikwenda, kwenye vifaa vinavyokubali kuitafuta hatua inayofuata kwa njia ya msingi. Siku njia hiyo ikielekezwa mlango mwingine, BGP itaendelea kutaja Dar huku pakiti zikitokea kwingine.

Mimi napendelea amri ya next-hop-self: ruta ya mpakani iweke anwani yake ya kudumu, isiyotegemea waya wowote, ambayo OSPF inaijua tayari. Hasa kwenye vituo vya mabadilishano ya intaneti, ambako mitandao mingi huungana kwenye swichi ya pamoja, na sitaki anwani za swichi hiyo zizagae. Machi 2013, waliokuwa wakiishambulia Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, walizilenga anwani za namna hiyo, na LINX, kituo cha mabadilishano cha London, ikaathirika.

Kwenye vituo hivyo kuna mtego mwingine. Katika BGP ya nje ruta kwa kawaida huweka anwani yake, lakini seva ya njia, inayopokea njia za wanachama wa kituo na kuwagawia wenzao, kwa mujibu wa RFC 7947 ya mwaka 2016, huiacha anwani ya mwanachama aliyeitangaza njia, ili pakiti zipite kwenye swichi moja kwa moja. Kwa hiyo unazungumza na seva, na pakiti zako zinakwenda kwa mwingine. Mawasiliano kati yako na huyo mwingine yakikatika, seva itaendelea kuwaona nyote wazima, njia itabaki, na pakiti zitapotelea humo.

Viakisi njia, yaani ruta zinazosambaza njia za BGP ya ndani kwa wenzao, nitavigusa tu, kwa kuwa mwenyekiti ananionyesha saa. RFC 4456 inataka kiakisi kiiache anwani ilivyo, na katika IOS, programu ya ruta za Cisco, next-hop-self ya kawaida haizigusi njia zinazoakisiwa. Atakayeongeza neno all atazivuta pakiti zote zipite kwenye kiakisi, ambacho mara nyingi hakikununuliwa kwa kazi hiyo. Slaidi za IPv6 naziruka.