Mchezo wa Karata 21 ni wa Nani?

Baba na mama, wazee wetu, na ninyi vijana mliotoka Katuba, Kamalondo na Ruashi, asanteni kwa kuja. Leo nazungumzia karata. Kamari haimo. Nataka tutafute haki ya watu waliokufa zamani.

Mchezo wenyewe wengi wenu mnaujua. Unachukua karata 21, unazigawa wazi mezani katika mafungu 3 ya karata 7, moja moja kwa zamu. Mwenzako anachagua karata moja moyoni. Haitaji, anakuonyesha tu fungu ilimo. Unayakusanya mafungu, lile alilolionyesha likae katikati, unayageuza, unagawa upya. Mara ya pili hivyo hivyo, na mara ya tatu. Kisha unahesabu kutoka juu, na karata ya 11 ndiyo yake.

Hapa Lubumbashi mchezo huu una wenyewe wengi. Utasikia, "Ni wa mjomba wangu." Mwingine atasema umetoka Kolwezi, mwingine kwamba aliutunga mwalimu wake wa hesabu. Hawa siwaiti waongo, maana kila mmoja anamtaja aliyemfundisha, na kumtaja mwalimu ni adabu. Ila aliyekufundisha si lazima awe ndiye aliyetunga, na anayetaka kumjua mtunzi itambidi apite kwenye vitabu.

Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha The Discoverie of Witchcraft. Alikuwa akiwatetea watu, wengi wao wanawake wazee na maskini, waliokuwa wakiuawa kwa kushtakiwa uchawi. Humo ndani akafichua viini macho vya wakati wake, vya karata vikiwemo, ili msomaji aone ni ufundi wa mikono na akili. Naomba tukae hapa kidogo. Katika mji huu pia wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya neno hilo hilo, uchawi. Ukiweza kumwonyesha mtu kiini macho kimetoka wapi, nani alikiandika na kinafanyaje kazi, umewanyang'anya silaha wale wanaoishi kwa kutisha wenzao. Ndiyo maana suala la asili ya mchezo haliniachi nilale.

Miaka 9 baadaye, 1593, Mwitaliano Horatio Galasso alitoa Venezia kitabu kidogo cha michezo ya karata inayotegemea kanuni na kumbukumbu. Kisha 1612, mjini Lyon, Mfaransa Claude-Gaspard Bachet de Méziriac akachapisha mkusanyo wa mafumbo ya namba, Problèmes plaisans et délectables, na mchezo wetu wa mafungu umo. Wanafunzi wa hesabu mlio hapa, huyo ni Bachet yule yule aliyechapisha mwaka 1621 kitabu cha Diophantus, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, toleo ambalo mwanahesabu Fermat aliandika pembeni mwake.

Basi tuseme ni wa Bachet? Hapana. Kitabu chake ni ghala la michezo mingi, na kuuweka mchezo ghalani si kuulima. Kinachothibitika ni kwamba 1612 ulikuwa umeshaandikwa. Bachet apewe sifa ya kuuhifadhi, na hiyo pekee ni kubwa.

Sasa njooni kwa mtu ambaye mimi nampenda kuliko wote katika hadithi hii. Mwanahesabu Joseph Gergonne alianzisha jarida la hesabu huko Nîmes, Ufaransa, mwaka 1810, na katika juzuu lake la 1813 hadi 1814 akaandika makala juu ya mchezo huu. Wengine walitosheka kwamba karata inatokea katikati. Gergonne akauliza: kwa nini katikati tu? Kwa karata 27, mafungu 3 ya karata 9, alionyesha kwamba unaweza kuipeleka karata popote utakapo.

Angalieni. Kila ukishakusanya na kugeuza, hesabu mafungu mangapi yamekaa juu ya lile lililoonyeshwa: sifuri, 1 au 2. Hesabu ya mara ya kwanza ibaki ilivyo. Ya pili izidishe kwa 3. Ya tatu izidishe kwa 9. Jumlisha, uongeze 1, na hapo ndipo karata ilipo. Mtu akitaka iwe ya 20, zinahitajika 19 juu yake, na 19 ni 1, na sifuri ya tatu, na 2 za tisa. Kwa hiyo fungu lake liweke katikati, kisha juu, kisha chini. Ukiweka katikati mara zote tatu unapata 1 na 3 na 9, jumla 13, karata inakuwa ya 14. Kumbe ile "katikati" ya mjomba ni mlango mmoja tu katika nyumba yenye milango 27.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mchezo wa karata 21 hauna mtunzi anayejulikana. Aseme hivyo kila anayeucheza, bila aibu. Bachet aliuhifadhi. Gergonne aliufafanua na kuupanua, na anayecheza kwa karata 27 kwa kanuni hiyo bila kumtaja anamdhulumu. Maneno unayoyasema ukicheza, hadithi, vichekesho, hayo ni yako kabisa, nayo yana thamani.

Katanga tunajua kugawa haki namna hii. Kijana akipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, wimbo aweza kuutunga mwenyewe, lakini wazee watasema anafuata mkono wa mpiga gitaa wetu Mwenda Jean Bosco, na hakuna anayepungukiwa.

Msichukue ukimya juu ya mtunzi wa karata 21 kuwa ruhusa kwa michezo yote. Ule ambao mtazamaji mwenyewe anatenganisha karata nyekundu na nyeusi bila kuziona, Out of This World, ni wa Mmarekani Paul Curry, mwaka 1942. Hapo hakuna utata, na kuuita wako ni wizi.

Karata 27 ziko mezani. Kijana wa kwanza aje, ataje namba yoyote hadi 27, na amtaje Gergonne kabla hajagawa.