Barua ya Maria: Ukatili Ndani ya Kicheko cha Twelfth Night

Ndugu walimu na wanafunzi, wengi wetu tulimjua Shakespeare kupitia Mwalimu Nyerere, kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Leo nawaleteeni tamthilia nyingine, Twelfth Night. Tarehe 2 Februari 1602 mwanafunzi wa sheria aitwaye John Manningham aliitazama huko London, katika ukumbi wa Middle Temple, na kwenye shajara yake akasifu hila moja: msimamizi wa nyumba kuaminishwa kwamba bibi yake anampenda.

Msimamizi huyo ni Malvolio. Ni mtu mkavu, mwenye majivuno, anayewakemea Sir Toby na walevi wenzake usiku wa manane nyumbani kwa bibi yake Olivia, mwanamke tajiri ambaye Toby ni mjomba wake. Anaudhi, sikatai. Basi Maria, anayemhudumia Olivia na kuuweza mwandiko wake, anaandika barua ya mapenzi na kuidondosha bustanini. Barua inamtaka Malvolio avae soksi ndefu za njano zilizofungwa kwa kamba za kukatizana, na atabasamu wakati wote. Olivia anaichukia njano, tena yumo katika msiba wa kaka yake.

Sasa tazameni onyesho lilivyopangwa. Kabla hajaiona barua, Malvolio anatembea akijisemea. Tayari ni mume wa Olivia, kavaa joho la mahameli, ametoka kwenye kochi alikomwacha mkewe amelala, na anamwita Toby amwonye kuhusu pombe. Maria hakumpandikizia ndoto hiyo. Alimvika kilemba cha ukoka, na kichwa kilikuwa kimekwisha kuinamishwa. Hata herufi M, O, A, I za kwenye barua hazifuatani kama zilivyo katika jina lake, naye anazikunjakunja mpaka zimkubali.

Lakini ni nani asiye na tamaa humo? Orsino, mtawala wa nchi ya Illyria, anamng'ang'ania Olivia asiyempenda. Olivia, aliyejifungia kuomboleza miaka saba, anampenda Cesario, mtumishi wa Orsino, kwenye mazungumzo ya kwanza tu, asijue kuwa ni msichana Viola aliyevaa kiume. Sir Andrew anachunwa fedha na Toby huku akiahidiwa Olivia. Sebastian, pacha wa Viola, mgeni aliyenusurika baharini, anamuoa Olivia bila kujua amefananishwa na nani. Lakini Malvolio, aliyeitii barua akaonekana mwendawazimu, ndiye peke yake anayefungiwa gizani. Na Maria? Sir Toby anamuoa kuwa malipo ya barua ile! Anapanda daraja kwa ndoa, jambo lile lile ambalo Malvolio alichekwa kwa kulitamani. Hapo mimi siwezi kucheka tena.

Gizani humo Feste, mchekeshaji wa Olivia, anajifanya kasisi, Sir Topas. Malvolio anasema chumba ni giza tupu. Kasisi anamwambia kina madirisha ya kupitisha mwanga. Anaulizwa fundisho la Pythagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba roho ya nyanya yake yaweza kukaa ndani ya ndege: analionaje? Anajibu kwamba anaitukuza roho, na fundisho hilo halikubali kabisa. Ni jibu la mtu mwenye akili timamu, na kwa jibu hilo hilo anaambiwa abaki gizani mpaka akubali. Anachoomba ni mshumaa, kalamu, wino na karatasi. Toby anatamani mchezo uishe, lakini si kwa huruma: amekwisha kumuudhi Olivia, na anajua itamgharimu.

Mwishoni Malvolio anaapa kulipiza kisasi kwa kundi zima, anaondoka. Olivia anakiri kwamba ametendewa vibaya mno. Orsino anaagiza afuatwe na kubembelezwa, na sababu anayoitaja ni nahodha aliyemfikisha Viola pwani. Nahodha huyo yuko kifungoni kwa mashtaka ya Malvolio, na nguo za kike za Viola ziko kwake. Orsino ameshamchumbia Viola, ila ataendelea kumwita Cesario mpaka avae kike. Kwa hiyo harusi ya mkubwa wa Illyria inamsubiri mtumishi waliyemtesa, na Shakespeare hatuambii kama alirudi.