Ofisi Husika Iko Wapi? Mhadhara kwa Watendaji na Maafisa Habari wa Halmashauri

Itifaki imezingatiwa. Kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kunisikia nikililalamikia jambo hili, yaani matangazo ya halmashauri ambayo mwananchi anayasoma bila kujua afanye nini, sitarudia historia ya Serikali za Mitaa tangu zile sheria za mwaka 1982. Naingia moja kwa moja kwenye hoja.

Mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu, wapo walioniambia kwamba sasa sina tena la kusema. Badiliko lile nililiunga mkono na ninaliunga mkono hadi leo. Hata hivyo, halmashauri zetu zilikuwa zikiwaandikia wananchi kwa Kiswahili miongo mingi kabla ya hapo, na mwananchi alikuwa akisimama mbele ya ubao wa matangazo, akisoma mpaka mwisho, kisha akimgeukia jirani yake na kumuuliza: sasa wanataka tufanye nini?

Naomba mnivumilie nisome tangazo moja. Halmashauri iliyolitoa sitaitaja, kwa sababu kila aliyeketi hapa angeweza kudhani ni yake. Linasema: "Kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, pamoja na kanuni zake kama zilivyorekebishwa, umma unatangaziwa kuwa zoezi la upokeaji wa maombi ya mikopo isiyo na riba kwa makundi maalumu limeanza, na waombaji wenye sifa stahiki wanaelekezwa kuwasilisha maombi yao, yakiwa yameambatishwa nyaraka zote muhimu, katika ofisi husika ndani ya muda uliopangwa."

Mnacheka, lakini hakuna neno hata moja humo ambalo mama muuza mboga halijui. Ndiyo maana huwa nakereka ninaposikia kwamba lugha nyepesi ni kuwachagulia wananchi maneno mepesi, kana kwamba tunawaandikia watoto wa chekechea. Ugumu wa tangazo hili hauko kwenye msamiati. Nyaraka zote muhimu ni zipi? Ofisi husika ni ya mtendaji wa kata, ya afisa maendeleo ya jamii, au ni ile ya makao makuu ya wilaya ambako nauli ya kwenda na kurudi inakula mtaji wa siku nzima? Muda uliopangwa ulipangwa na nani, na unaisha lini? Na makundi maalumu ni akina nani, wakati sheria yenyewe imewataja wazi kuwa ni wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na imewatengea asilimia 4, 4 na 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri?

Majibu ya maswali hayo yapo. Anayo aliyeandika tangazo, na anayo pia shemeji yake. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya malalamiko mazito juu ya usimamizi wake, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini utaratibu uwe mpya kiasi gani, tangazo likiandikwa hivi, kikundi kitakachowahi ni kile chenye mtu wa kumpigia simu ndani ya ofisi. Ibara ya 146 ya Katiba inasema kuwa madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tangazo lisilotaja tarehe wala mahali linayabakiza madaraka hayo kwa karani wa dirishani. Tena linamlinda aliyeandika, maana palipokosekana tarehe hapana wa kuulizwa kwa nini alichelewa.

Najua mwanasheria wa halmashauri ananisubiri pale nyuma. Ndugu yangu, kifungu chako sikifuti. Nakishusha tu kiende mstari wa mwisho, ambako wewe na mkaguzi mtakikuta. Mstari wa kwanza uwe wa mwananchi: "Kikundi chenu kinaweza kuomba mkopo usio na riba. Leteni katiba ya kikundi, cheti cha usajili na andiko la mradi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, kabla ya saa 9:30 alasiri, Ijumaa tarehe 14." Heshima ya Serikali imepungua wapi hapo?

Mwingine ataniambia kwamba wananchi wetu hawasomi. Mbona ujumbe wa pesa kwenye simu wanausoma, hata yule aliyeishia darasa la nne, tena mara mbili? Wanausoma kwa sababu unaeleza kiasi gani kimeingia, kimetoka kwa nani, saa ngapi, na salio ni kiasi gani. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ingeandikwa hivyo, badala ya "fedha zilitumika katika shughuli mbalimbali za maendeleo," mkutano mkuu wa kijiji ungekuwa na maswali mengine kabisa. Pengine hilo ndilo linaloogopwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami kama kawaida yangu nimezimalizia dakika zote kwenye tangazo moja. Nilikusudia kuzungumzia sheria ndogo za halmashauri, ambazo wananchi hutakiwa kuzitolea maoni kabla hazijapitishwa, ilhali rasimu hubandikwa ikiwa na kurasa nyingi bila hata aya moja inayomweleza mfugaji kwamba faini inabadilika. Nilikusudia pia kusema juu ya gari la matangazo, maana sentensi ndefu haimfikii msikilizaji gari likiwa linatembea, na juu ya nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa ya wasioona, na lugha ya alama, ambazo zinadai mhadhara wake peke yake. Kwa leo niwaombe jambo dogo la mchana huu: mezani kwenu kuna nakala za matangazo yaliyotoka kwenye ofisi zenu wenyewe. Kila penye neno "husika" pigeni mstari, kisha juu yake andikeni jina la ofisi, cheo cha anayehudumu na siku anayopatikana. Asiyeyajua majibu ampigie simu mwenzake aliyebaki kituoni, sasa hivi, kabla ya chakula.