Chupa Hii Ifunguliwe Lini?

Ndugu zangu wahudumu wa hoteli, na wazee wetu wa Bagamoyo mliokuja kusikiliza, hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu na jua lote hili. Najua wengi humu ndani hamnywi, dini imekataza, nami naliheshimu hilo. Lakini ipo siku mgeni atakukabidhi chupa ya mvinyo ya miaka 15 akuulize, “Niifungue leo au niiache?” Itakubidi uwe na jibu. Sehemu kubwa ya jibu hilo huonekana kwa macho na hunuswa kwa pua, bila tone kupita kooni.

Tuanze na tunachokijua. Tembo la mnazi likishushwa asubuhi ni tamu. Jioni limekuwa kali. Ukiliacha siku kadhaa, ni siki. Hajatokea mgema akasema hili naliweka hadi harusi ya mwanangu, maana sote tunajua tembo lina saa yake. Mvinyo mwekundu nao una saa yake, ila huhesabiwa kwa miaka, na kila chupa ina hesabu yake.

Kinachoupa mvinyo umri ni ukakasi. Mnaukumbuka ule ukakasi wa bibo, unaokaza ulimi mpaka unashindwa kutema mate? Umo pia kwenye maganda na kokwa za zabibu, na wataalamu wanauita tanini. Ukakasi na uchachu ndivyo vinavyoukinga mvinyo dhidi ya hewa inayopenya kidogo kidogo kwenye kizibo. Miaka inavyokwenda, tanini na rangi hushikamana, huwa nzito, huzama. Ndiyo yale mashapo mnayoyaona chini ya chupa. Mvinyo unalainika. Tatizo ni kwamba harufu ya tunda nayo inapungua wakati huohuo. Basi anayeweka chupa anangoja ukakasi ulegee huku akiomba tunda lisitangulie kufa.

Sasa si kila mvinyo una cha kungojea. Beaujolais Nouveau ya Ufaransa hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na hiyo ni ya kunywewa ndani ya miezi. Barolo ya Italia, kwa sheria, haiuzwi kabla ya kutimiza miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe kwenye mapipa ya mbao. Hata hapo nyingi bado zinakaza mdomo. Bordeaux, nayo ya Ufaransa, ikitoka shamba lenye jina na mwaka mzuri, inaweza kungoja miaka 20 na zaidi. Ila hizo ni chache mno. Chupa nyingi zilizoko madukani, pamoja na zetu za Dodoma za zabibu za Makutupora, zimetengenezwa zinywewe zingali changa. Kuzifungia kabatini ni kuzionea.

Halafu kuna joto, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mnaposoma kwamba mvinyo fulani unadumu miaka 20, aliyeandika anafikiria ghala la chini ya ardhi, giza, nyuzi 12 hadi 14 mwaka mzima. Sisi hapa mchana tunafika nyuzi 30. Joto huuzeesha mvinyo mbio, tena vibaya.

Nililiona hilo nikiwa kijana, katika hoteli moja ya pwani hii. Mwenye hoteli alikuwa na kasha la Bordeaux, chupa 12, amelipandisha juu ya friji la jikoni akisubiri binti yake aolewe. Lilikaa miaka 9. Siku ya harusi nikapewa kizibuo. Chupa ya kwanza, kizibo kimeinuka kupita mdomo wa chupa na shingo inanata. Nikamimina. Rangi ya chai iliyolala, harufu ya zabibu kavu zilizoungua, na siki kwa mbali. Ya pili vilevile. Tulizifungua zote 12. Mzee yule alisimama mlangoni hakusema neno. Aliokota kizibo kimoja akakitia mfukoni, akarudi kwa wageni wake.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa mapema. Mvinyo uliofunguliwa mapema una dawa: umimine kwenye jagi, uuache saa mbili upate hewa, ukakasi utapungua makali. Uliokufa hauna dawa. Mtu mwenye kasha zima namshauri afungue chupa moja sasa, nyingine baada ya mwaka au miwili, aone inaelekea wapi. Mwenye chupa moja tu, na haina sehemu ya baridi ya kukaa, aifungue mwaka huu.

Chupa ikiwa nzee kweli, mambo yanageuka. Isimamishe tangu jana yake ili mashapo yatulie, mimina polepole huku tochi ya simu ikimulika shingo, na usiiache kwenye jagi. Mvinyo wa miaka 30 unaweza kupoteza harufu yote kabla mgeni hajamaliza supu.

Sasa sogeeni mezani. Nimetandika kitambaa cheupe na kumimina glasi mbili za mvinyo wa Stellenbosch, Afrika Kusini, mmoja wa miaka 2, mwingine wa miaka 12. Inamisheni glasi mtazame ukingoni. Ule mchanga una rangi ya zambarau mpaka pembeni. Ule mwingine umeanza kuwa na rangi ya tofali. Nuseni: huku ni zambarau mbivu, huku ni tumbaku na ngozi, lakini tunda bado lipo, linasikika nyuma. Asiyekunywa apite mbele kwanza, nataka kusikia pua yake inasema nini.