Upepo wa Ndani na Upepo wa Nje: Tairi, Umbo la Gari na Lita za Mafuta

(Mhadhara kwa madereva, mafundi na wenye magari, Tabora mjini)

Ndugu madereva, mafundi, baba zangu na mama zangu wenye magari, habari za asubuhi.

Tukienda kwa fundi wa pancha tunasema "niwekee upepo". Tukitoka Tabora kwenda Nzega, kinachovuma dirishani nacho tunakiita upepo. Leo nazungumzia hizo pepo mbili. Ule wa ndani ya tairi ukipungua, gari linakula mafuta. Ule wa nje, kadiri unavyoukimbilia ndivyo unavyokula mafuta. Mwenye gari anapaswa kujua kati ya hizo mbili ni upi unaomla zaidi, kwa sababu dawa zake ni tofauti.

Chukua gari dogo, mfano wa IST au Vitz, likiwa na watu ndani, jumla kilo 1,200. Kwenye lami tambarare, kule kubingirika tu kwa matairi kunalizuia kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 14 hivi. Nguvu hiyo haibadiliki sana, uende 30 au uende 80. Hewa ndiyo inayobadilika. Kwa kilomita 50 kwa saa inakuzuia kwa kilo 7, kwa 80 inafika kilo 18, kwa 100 ni kilo 28. Hesabu hii nimeipigia kwa hewa ya hapa kwetu, mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambayo ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam. Kanuni ni kwamba mwendo ukizidi mara mbili, hewa inakuzuia mara nne.

Kipimo cha kukumbuka ni hiki: kila kilo 1 inayokuzuia, ukiisukuma kwa kilomita 100, inakula yapata mililita 100 za petroli. Hayo ni mbali na yale ambayo injini inatumia kujizungusha yenyewe.

Kwa hiyo anayezunguka hapa mjini, Isevya, Ng'ambo, Kanyenye na stendi, asijisumbue na umbo la gari. Mafuta yake yanaishia kwenye matairi na breki. Hali kadhalika anayepita njia za vumbi kwa mwendo wa 40. Anayekwenda Nzega au Kaliua kwa lami kila siku ndiye mwenye haki ya kuuliza habari za hewa, na hata yeye nitamwomba aanze na tairi.

Kwa nini tairi linakula mafuta? Mpira ukigusa ardhi unabonyea, ukiachia unarudi, lakini haurudishi nguvu yote uliyoichukua. Inayobaki inageuka joto. Mji huu ni wa reli, kwa hiyo mfano uko karibu: gurudumu la behewa ni chuma juu ya chuma, halibonyei, na kwa uzito uleule linazuiwa chini ya moja ya tano ya tairi la mpira. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea zaidi, linachemka zaidi. Lililotakiwa kuwa na psi 32 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi kinachosomwa kwenye geji) likiwa na 24, kule kuzuiwa kunaongezeka kwa asilimia 10 hadi 15. Kwenye gari letu la mfano ni kama kilo 2, yaani mililita 200 kila kilomita 100. Baya zaidi ni joto. Upepo ukipungua sana na gari limebeba mzigo, kuta za tairi zinaungua kwa ndani, halafu mchana wa jua kali linapasuka, dereva anailaumu lami.

Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wala si kile kilichochorwa ubavuni mwa tairi. Namba ya ubavuni ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, haijui limefungwa kwenye gari gani. Magari mengi yanayotoka Japani kibandiko chake ni cha kilopaskali: 220 ni psi 32, 240 ni psi 35. Ukikosa kikokotoo gawa kwa 7, utakuwa karibu. Soma pia mstari wa gari lililojaa, kwa sababu Noah ikibeba watu saba na mabegi, matairi ya nyuma yanadai zaidi. Na Hiace haifai kufungwa matairi ya gari dogo hata kama saizi ya rimu inakubali. Ile ina matairi ya mizigo yenye kuta nene na upepo mwingi kwa sababu maalumu.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu na zaidi. Kama fundi yuko mbali, usizidishe kilomita 2 kufika kwake. Tairi lililotoka safarini linaongeza psi 4 hadi 6 kwa joto. Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Dereva anafika mchana, geji inasoma 37, fundi anapunguza mpaka 32, kesho yake alfajiri tairi lina 27. Asubuhi za Juni na Julai hapa Tabora ni za baridi, na joto likishuka nyuzi 5 au 6 upepo unashuka psi 1. Hata kivuli cha mwembe kinadanganya: gari likiegeshwa upande mmoja juani, matairi ya upande huo yatasoma juu, ukiyapunguza yalingane na yale ya kivulini umeyaharibu yote.

Tairi zima kabisa hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi, basi pima kila wiki mbili. Nunua geji yako ndogo. Ile ya kijiweni inaanguka sakafuni mara kumi kwa siku. Paka maji ya sabuni kwenye valvu. Povu likichemka, badilisha sindano yake. Kifuniko cha valvu si urembo, kinazuia vumbi linaloishikiza sindano isifunge.

Wengine watasema, basi tujaze 45 tuokoe zaidi. Hapana. Tairi gumu linagusa barabara kwa kati tu, linalika katikati, na breki inachelewa kushika. Kwenye njia ya mabonde linadundadunda. Kila mdundo ni mafuta yanayomezwa na shokomzoba badala ya kukusogeza mbele, na bushi zinakwisha. Ukiongeza psi 2 juu ya kibandiko kwa safari ya lami, inatosha. Upepo ukishakuwa sawa na gari bado ni zito, inua kila gurudumu uzungushe kwa mkono. Breki inayokamata inakula kuliko tairi legevu.

Sasa upepo wa nje.

Dawa ya kwanza ni mguu. Ukishuka kutoka 100 hadi 80 umeondoa kilo 10, yaani lita 1 kwa kila kilomita 100. Tabora hadi Nzega ni kilomita 115 hivi; utachelewa dakika 17. Hakuna kifaa cha kufunga kwenye gari kitakachokupa lita hiyo.

Ya pili ni kushusha mzigo wa juu. Furushi lenye upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 40 juu ya keria, kwa mwendo wa 80, linaongeza kama kilo 9. Kwenda na kurudi Kaliua, kilomita 240, ni zaidi ya lita 2. Mzigo uleule ukiingia ndani au kwenye buti, hewa haiujui. Ikiwa lazima ukae juu, uwe mfupi, ulale, na turubai ivutwe isipigepige. Keria tupu nayo inavuta kilo 1 au 2, na nyingi zimefungwa kwa boliti nne tu. Zifungue.

Watu wa malori wanafaidika zaidi, kwa sababu bodi lao ni sanduku. Miaka ya 1970 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, huko California walilivika gari aina ya van mabati bapa likawa boksi tupu, kisha wakaziviringisha pembe zake. Pembe za wima peke yake zilipunguza ukinzani wa hewa kwa yapata asilimia 40. Fundi wa kuchomelea wa hapa anaweza kuviringisha pembe za mbele za bodi la Fuso, na mzigo ukisogezwa mbele karibu na kichwa, hewa haiingii kwenye pengo lililopo kati ya kichwa na mzigo.

Kwa gari dogo, kazi yenye maana ni tumbo la gari. Mengi yamepoteza ile plastiki ya chini ya injini kwenye mashimo. Irudishe. Ukitengeneza mwenyewe tumia plastiki ngumu ya milimita 3, ishikwe kwa boliti za M6 na washa pana, iachane na ekzosi sentimita 10, na iwe na tundu chini ya nati ya oili. Tegemea kuokoa chini ya mililita 100 kwa kilomita 100. Ni kidogo, lakini inakinga injini na tope pia.

Kuziba grili, kama wafanyavyo nchi za baridi, usikubali hapa. Oktoba yetu itakuchemshia injini kabla hujafika Urambo. Wala usitoe vioo vya pembeni. Spoila za madukani nyingi zinaongeza ukinzani.

Nimesikia swali la naitrojeni, kama inafaa kuilipia ijazwe kwenye tairi badala ya hewa ya kawaida. Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Fedha hiyo nunua geji.

Na swali la mwisho: utajuaje kama umeokoa? Jaza tenki hadi bomba lijikate, endesha angalau kilomita 300, rudi kwenye sheli ileile na bomba lilelile, gari likae vilevile, ujaze tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Halafu angalia saizi ya tairi. Aliyetoa 175/65R14 akafunga 185/70R14 ana tairi lenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 5.4, dashibodi inamwandikia 100 wakati amekwenda 105. Atadhani gari limeanza kula. Azidishe kwanza kilomita zake kwa 1.054, ndipo agawanye kwa lita.