Jina Hutangulia Chuma: Manowari na Helikopta za Uingereza Zinavyopewa Majina

Assalaamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nimefurahi kuona ukumbi huu una madirisha upande wa bahari, kwa sababu mazungumzo yangu yanaanzia huko nje. Maji mnayoyatazama mbele ya Forodhani ni mahali ambapo kwa miaka 16 milingoti ya meli iliyozama ilisimama juu ya maji, na kila aliyeingia bandarini aliiona. Meli ile iliitwa Glasgow. Nitairudia sasa hivi, kwa kuwa jina hilo ndilo limenifanya nikubali kuzungumza nanyi leo.

Nimeombwa nieleze jinsi jeshi la majini la Uingereza linavyopanga manowari na helikopta za miaka ijayo, na jinsi linavyozipa majina. Wengi hudhani kupanga ni kazi ya wahandisi na wahasibu, na jina ni rangi ya mwisho anayopakwa bibi harusi. Lakini sisi watu wa pwani tunajua. Mwenye jahazi akishalaza mkuku tu, watu huanza kuuliza chombo kitaitwaje, na jina likishatajwa, jahazi lile lina wenyewe hata kabla halijashuliwa. Waingereza nao wako hivyo hivyo. Jina hutangulia chuma, na likishatangazwa linaanza kufanya kazi yake.

Turudi kwenye Glasgow. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kuangamiza meli za Sultani Barghash. Mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow ikatia nanga hapa, Barghash akaitazama, akaipenda, akaagiza ya kwake ya mfano ule ule kutoka kwa waunda meli wa Denny, kule Dumbarton nchini Scotland. Ilishuliwa mwaka 1878. Ikaja Unguja na jina lile lile la mji wa Waskoti, ikiwa na mizinga saba midogo.

Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid, mwana wa Barghash, alikuwa amejifungia kasrini baada ya kujitangaza Sultani. Manowari za Kiingereza zikaanza kupiga saa tatu na dakika mbili asubuhi. Glasgow, meli ya baba yake, ikajibu. Iliifyatulia St George, manowari kubwa ya chuma, kwa mizinga yake ile ile midogo. Ikazamishwa. Kwa kuwa maji ya bandari si marefu, ilikaa chini wima na milingoti yake ikabaki nje, hadi mwaka 1912 ilipovunjwavunjwa. Vitabu vingi husimulia vita ile kwa kuhesabu dakika zake, kana kwamba ni mashindano. Mimi huwafikiria wale mabaharia walioipakia mizinga, wakijua wazi wanampiga nani.

Sasa tuvuke bahari. Septemba 2016, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba frigeti, yaani manowari ya kusindikiza, ya kwanza ya kundi jipya liitwalo Aina ya 26 itaitwa Glasgow. Bamba lake la kwanza la chuma lilikatwa Julai 2017, katika karakana ya Govan, humo humo mjini Glasgow. Ina urefu wa karibu mita 150, uzito wa tani 6,900, na kazi yake kuu ni kuwinda nyambizi. Mei 2025 Catherine, mke wa Mwanamfalme William, aliipa jina rasmi kwa kuivunjia chupa ya wiski ubavuni. Kuingia kazini kunatarajiwa mwishoni mwa muongo huu. Hesabuni wenyewe: kutoka jina hadi kazi, zaidi ya miaka kumi.

Dada zake ni Cardiff, Belfast, Birmingham, Sheffield, Newcastle, Edinburgh na London. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Majina yote manane yalijulikana kufikia mwaka 2018. Lakini mkataba uliokuwa umetiwa saini wakati huo ulikuwa wa meli tatu tu. Mkataba wa zile tano zilizobaki haukutiwa saini hadi Novemba 2022. Kwa miaka minne, meli tano zilikuwa majina matupu, hazina mkataba wala msumari.

Kwa nini wafanye hivyo? Hayo nitakayosema ni maoni yangu. Mpango wa mwanzo ulikuwa frigeti 13 za aina hii, na mwaka 2015 zikakatwa hadi nane. Kabla yake, destroya, yaani manowari za mbio, za Aina ya 45 zilipangwa ziwe 12, zikaishia sita. Waziri wa fedha akiletewa karatasi iliyoandikwa meli namba tano, kalamu yake huwa nyepesi. Akiletewa karatasi iliyoandikwa Sheffield, mji huo una wabunge, una meya, una wazee wanaokumbuka kwamba Sheffield ya zamani ilipigwa kombora katika vita vya Falkland, kati ya Uingereza na Argentina, tarehe 4 Mei 1982 na watu 20 wakafa. Kulifuta jina hilo ni lazima ukawaambie watu hao machoni. Nadhani wale waliochagua majina ya miji walilijua hilo, na nadhani walifanya vizuri.

Glasgow nayo ilikuwepo Falkland. Bomu la ndege ya Argentina liliingia ubavu mmoja wa ile ya mwaka 1982 likatokea ubavu wa pili bila kulipuka. Mabaharia wa meli mpya watalala humo wakilijua tukio hilo.

Mnaweza kuuliza nani hasa anayechagua. Ipo kamati ya majina na nembo za meli, inayokaa na orodha ndefu ya majina yaliyowahi kutumika, ikapendekeza. Wakuu wa jeshi na waziri wanapitisha. Kisha jina linakwenda kwa mfalme. Ruhusa ya mfalme si mapambo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Winston Churchill alikuwa waziri wa jeshi la majini, akataka manowari moja iitwe Oliver Cromwell. Cromwell ndiye aliyekuwa mbele katika kumkata kichwa Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1649. Mfalme George wa Tano akakataa. Churchill akarudi nalo tena, akakataliwa tena. Akaleta jina Pitt, la mawaziri wakuu wawili mashuhuri, mfalme akakataa hilo pia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelelewa melini tangu ujana na alijua mabaharia wangelitafutia vina vya matusi. Katika ugomvi huo mimi niko upande wa mfalme. Jina la meli watalitamka vijana mia kadhaa usiku na mchana, kwenye dhoruba na kwenye moto. Anayelichagua awe amewahi kulala kwenye kitanda cha meli.

Zile frigeti nane zilipoacha pengo, wakapanga nyingine za bei nafuu, Aina ya 31, tano, zinazoundwa Rosyth kwa msingi wa mchoro wa Kidenmark. Majina yake yalitangazwa mwaka 2021, na haya yamepangwa kwa namna ambayo sijaiona mahali pengine: kila jina ni ahadi ya kazi. Venturer ni ya teknolojia mpya, kwa kuwa nyambizi ya jina hilo, Februari 1945, iliizamisha nyambizi ya Kijerumani huku zote mbili zikiwa chini ya maji, jambo lisilo na mfano mwingine vitani. Active ni ya kukaa mbali na nyumbani, Formidable ni ya kusindikiza meli za kubeba ndege, Campbeltown ni ya makomando.

Bulldog ndiyo inayonigusa zaidi. Tarehe 9 Mei 1941, katika Atlantiki ya Kaskazini, destroya Bulldog na wenzake waliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-110 kuibuka. Mabaharia wake wakaiacha wakidhani inazama. Ofisa kijana, David Balme, mwenye umri wa miaka 20, akatumwa aingie. Hebu mfikirieni: anashuka ngazi ya chuma iliyo wima, mikono yote miwili imeshika vyuma, bastola imo kwenye ala, na hajui kama kuna mtu anamngoja chini au kama baruti imetegwa. Ndani taa zinawaka na hakuna mtu. Akapanga watu wake mstari, wakaanza kupitisha vitabu mkono kwa mkono hadi juu, na pamoja navyo mashine ya Enigma, ya kuandikia ujumbe wa siri. Vitu hivyo viliwasaidia wasomaji wa siri wa Uingereza kujua nyambizi za adui ziko wapi. Frigeti mpya ikiitwa Bulldog, mpangaji amekwisha kueleza bahari gani anaitakia.

Majina hubadilika pia. Nyambizi ya saba ya kundi la Astute ilitangazwa kuwa Agincourt, vita ambavyo Waingereza waliwashinda Wafaransa mwaka 1415. Januari 2025, kwa idhini ya Mfalme Charles, ikageuzwa kuwa Achilles. Wapo waliokasirika, wakasema Wafaransa wameogopwa. Mimi naona Achilles ni jina zito zaidi. Kruza ya jina hilo, yenye mabaharia wengi kutoka New Zealand, ilikuwa moja ya tatu zilizopambana na Graf Spee, manowari ya Wajerumani, Desemba 1939. Katika jina hilo wamo watu wa nchi nyingine pia, na mwaka 2025 ulikuwa wa miaka 80 tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe.

Na majina ya kwetu? Yalikuwepo. Katika vita hivyo hivyo walikuwa na kruza ziitwazo Kenya na Uganda, na frigeti iitwayo Zanzibar. Kenya iliundwa Govan, karibu kabisa na inapoundwa Glasgow ya leo, na mwaka 1942 ilipigwa topido ikisindikiza msafara wa kuiokoa Malta, ikaendelea na safari. Uganda ilikabidhiwa kwa Kanada mwaka 1944. Mei 1945 mabaharia wake waliulizwa mmoja mmoja kama wanajitolea kuendelea na vita dhidi ya Japani, na theluthi mbili hivi wakakataa. Meli ikarudishwa nyumbani. Majina hayo yalitolewa kwa sababu nchi zetu zilikuwa mali yao, na hakuna aliyetuuliza. Siyaonei fahari. Lakini ni historia yetu, na mtoto wa Kampala ana haki ya kuijua.

Nimebakiwa na helikopta, na hapa kuna jambo nililolihifadhi.

Helikopta za jeshi hili kwa miaka mingi zimetoka kiwanda cha Westland, mjini Yeovil. Kiwanda kilipenda majina ya kuanzia na herufi yake: Whirlwind, Wessex, Wasp. Mwaka 1967 Uingereza na Ufaransa zikakubaliana kuunda helikopta tatu kwa pamoja, na majina yakawa ya wanyama wanaotambulika katika lugha zote mbili, Puma, Gazelle na Lynx. Huyo Lynx, paka wa mwituni, mwaka 1986 aliweka rekodi ya dunia ya kasi ya helikopta, kilomita 400 na ushee kwa saa. Mrithi wake alipopangwa aliitwa Lynx ya Baadaye tu, jina la makaratasi, hadi mwaka 2009 akaitwa Wildcat, bado yuko ukoo wa paka. Anabeba kombora dogo liitwalo Martlet, ndege wa kwenye ngao za kale za Kiingereza anayechorwa bila miguu, kwa hiyo hatui kamwe. Ile inayokuja bila rubani imeitwa Proteus, mungu wa bahari wa Wagiriki aliyejigeuza umbo apendavyo, kwa kuwa tumbo lake limeundwa kubadilishiwa mizigo kulingana na kazi.

Ile kubwa ya kuwinda nyambizi inaitwa Merlin. Wengi hukumbuka mganga wa hadithi za Mfalme Arthur, lakini merlin ni ndege pia: ni kipanga mdogo. Na jeshi hili lina desturi ya kuviita viwanja vyake vya ndege kana kwamba ni meli, na mara nyingi huvipa majina ya ndege. Walipohamia pwani yetu wakati wa Vita vya Pili, wakafuata desturi hiyo kwa Kiswahili. Karakana yao ya ndege Nairobi iliitwa Korongo. Kituo chao cha ndege Kilindini, Mombasa, katika daftari za jeshi la majini la Uingereza, kiliitwa HMS Kipanga.

Kwa hiyo mtu mmoja katika ofisi ya kijeshi, miaka 80 iliyopita, alikaa na kamusi au na Mswahili aliyemsaidia, akatafuta ndege mwenye macho makali, akaliandika neno letu kwenye orodha yao. Sijui kitu kinachonifurahisha kuliko hilo katika daftari zao zote.

Glasgow mpya ina sitaha ya helikopta shetrini, pana kiasi cha kupokea hata Chinook, helikopta kubwa ya mizigo, lakini abiria wake wa kawaida atakuwa Wildcat au Merlin. Siku moja huenda ikapita mkondo huu wa Unguja, ina jina la meli ya Barghash, na kipanga amekaa nyuma. Mabaharia wake watakuwa wameelezwa habari za Falkland. Habari za milingoti iliyosimama hapa mbele ya Forodhani hadi mwaka 1912, atakayewaeleza ni yule atakayekwenda gatini kuwapokea.

Nawashukuru. Nasikiliza maswali yenu.