Kupanda Salvia ya Kudumu Katika Bustani ya Nchi ya Baridi

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo nipo katika bustani yangu ndogo pembezoni mwa jiji la Berlin, na nitawaonyesha hatua kwa hatua namna ya kupanda salvia ya kudumu, yaani ile inayolala chini ya theluji majira ya baridi kisha ikachipua tena kutoka shina lilelile mwaka unaofuata. Nimeikusudia video hii hasa kwa ninyi mnaoishi Ujerumani na nchi nyingine zenye theluji, kwa sababu wengi wetu tulipofika huku tulikimbilia kupanda ile salvia nyekundu tuliyoizoea nyumbani, inayopamba nyua za ofisi na shule, tukashangaa kuikuta imekuwa nyeusi asubuhi ya jalidi ya kwanza. Ile nyekundu asili yake ni Brazili, na jalidi haiiwezi hata kidogo. Tunayoipanda leo ni jamaa yake, Salvia nemorosa pamoja na machotara yake, ambayo kwao ni nyika na kingo za misitu kuanzia Ulaya ya kati hadi Asia ya magharibi, nayo huvumilia baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri bila kufunikwa chochote.

Tuanze kwa kuufahamu mmea wenyewe. Nasogeza kamera karibu. Nikilishika shina hili kati ya kidole gumba na cha shahada, nikalizungusha polepole, nahisi kingo nne, kwa maana shina la salvia si la mviringo bali lina pembe nne kama shina la mrehani. Hii ni mimea ya ukoo mmoja, na mnanaa umo humohumo. Jani lake limekunjamana, na ukilifikicha linatoa harufu kali kidogo, ingawa hii ninayowaonyesha si ya kutia chunguni wala kwenye chai. Ni ya macho na ya nyuki.

Dukani mtakutana na majina mengi, nami nitawatajia matatu tu. La kwanza ni Mainacht, maana yake usiku wa Mei, iliyotolewa mwaka 1956 na Karl Foerster, mkulima wa maua wa Potsdam, mji ulio jirani kabisa na hapa nilipo. La pili ni Ostfriesland, iliyotolewa mwaka 1955 na Ernst Pagels wa mji wa Leer kutokana na mbegu alizopewa na huyohuyo Foerster. Hii ni fupi, haizidi sana sentimita 50, na inafaa ukingoni mwa njia. La tatu ni Caradonna, yenye mashina ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, na kwangu mimi ndiyo bora, kwa sababu husimama wima hata baada ya mvua kubwa. Mnaponunua, msivutiwe na mche uliokwisha kuchanua. Chagueni ule wenye machipukizi mengi yanayotokea chini kabisa, hata kama hauna ua hata moja.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi yote inapoharibika au kutengenea. Salvia inataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 kwa siku au zaidi. Ikipandwa kivulini hurefuka, hulegea na kuanguka. Lakini kuliko jua, inataka udongo usiotuamisha maji. Msimu wangu wa kwanza nilipanda miche sita kwenye kona yenye udongo wa mfinyanzi, nikaitia samadi kwa moyo mkunjufu kama tulivyofundishwa kutia kwenye migomba, na ilipofika Novemba nikaifunika kwa rundo la majani makavu nikidhani naikinga na baridi. Mwezi wa Machi nilipofunua, shina la kwanza nililolishika lilitoka lote mkononi, na mizizi yake ilikuwa laini na yenye harufu, kama muhogo uliosahauliwa majini. Baridi haikuwa na hatia. Maji yaliyotuama chini ya lile rundo ndiyo yaliyoiozesha miche yangu, mitano kati ya sita.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, fanyeni jaribio hili ninalolifanya sasa. Nimechimba shimo la kina cha sentimita 30, nimelijaza maji, nikayaacha yakanywewa, na sasa nalijaza mara ya pili. Maji yakizama ndani ya saa chache, mahali panafaa. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, ama tafuteni mahali pengine, ama inueni tuta la sentimita 20 hivi na kuchanganya udongo wake na kokoto ndogo na mchanga wa chembe kubwa. Mchanga laini wa kujengea msiutumie, kwa kuwa ukichanganyika na mfinyanzi hushikamana na kuwa kama tofali. Sisi wa Berlin tuna bahati, maana sehemu kubwa ya udongo wa huku ni kichanga. Kona yangu ile ilikuwa karibu na mtaro, nami sikuuliza.

Hatua ya pili ni kupanda. Wakati mzuri ni mwishoni mwa Aprili na Mei, au Septemba, ili mizizi ipate wiki kadhaa za kujishika kabla ardhi haijaganda. Nauzamisha mche pamoja na chungu chake ndani ya ndoo ya maji, na mnaona mapovu yanavyopanda; nasubiri mpaka yakome. Kisha nachimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu lakini kina kilekile, nautoa mche, na kwa kuwa mizizi imejizungusha kama kata ya kubebea mzigo kichwani, naifungua taratibu kwa vidole. Nauweka ili uso wa udongo wa chungu ulingane na uso wa ardhi. Mahali machipukizi yanapoanzia pasifukiwe. Narudishia udongo, nashindilia kwa viganja wala si kwa kisigino, kisha namwagilia lita tano hivi. Kati ya mche na mche naacha sentimita 40. Samadi sitii, mbolea ya chumvichumvi sitii. Udongo ulioshiba sana hutoa majani mengi na mashina yasiyoweza kujibeba. Juu natandaza kokoto nyembamba badala ya majani, ili shingo ya mmea ibaki kavu.

Katika mwaka wa kwanza mwagilieni mara moja kwa wiki mvua isiponyesha, na kwa wingi, si kwa kunyunyiza. Kuanzia mwaka wa pili huwa inajitegemea isipokuwa ukame uwe mkali. Adui wa mapema ni koa, anayetoka usiku na kuyatafuna machipukizi ya Aprili hadi ardhini. Mimi hutoka na tochi na kopo nikawaokota. Mkiona unga mweupe juu ya majani wakati wa kiangazi, huo ni ubwiriunga, jina ambalo wenzetu wa korosho wa Mtwara wanalijua vizuri, ingawa kuvu wa huku si yuleyule. Kateni majani yaliyoathirika na kupanua nafasi ili upepo upite.

Maua ya kwanza hufunguka Mei au Juni, na hapo naomba mketi chini dakika tano mtazame. Nachukua unyasi mwembamba, nauingiza taratibu mdomoni mwa ua, kama nyuki anavyoingiza kichwa chake kutafuta utamu. Mmeona? Vijiti viwili vimeinama kutoka juu na kuupaka unyasi chavua. Ni kitu kama wenzo: mdudu anasukuma chini, chavua inashuka mgongoni mwake. Bustani hizi za kukodi za Ujerumani zina kanuni kwamba theluthi moja ya eneo ilimwe mboga na matunda, na wapo wanaodhani maua yanakula nafasi. Mimi nimepanda salvia hatua tatu tu kutoka kwenye maboga na maharage yangu, na nyuki wanaokuja kwa ajili ya salvia hawaoni taabu kupitia na huko.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaogopesha watu. Maua ya chini yanapokuwa yamepukutika na yamebaki machache nchani, chukueni mkasi wa kupogolea mkate mmea wote, mashina na majani, ubaki urefu wa sentimita 10. Mara ya kwanza mkono wangu ulisita, nikakata nusu ya mimea na kuiacha nusu nyingine. Ile niliyoihurumia ilikauka kahawia na kulala chini hadi Septemba. Ile niliyoikata ilichipua upya na baada ya wiki sita hivi ikachanua tena. Mkishakata, mwagilieni ndoo moja, kisha muiache.

Wakati wa majani kupukutika msikate tena. Mashina makavu yaacheni yasimame majira yote ya baridi, kwani huikinga shingo ya mmea, na ndege wadogo huja kudonoa mbegu. Mwezi wa Machi, mtakapoona majani madogo ya kijani yakijikunjua ardhini, ndipo mkate yale makavu.

Nyongeza fupi kwa watazamaji wa Limuru, Lushoto na nyanda nyingine za juu: msisumbuke na aina hii, ambayo inahitaji baridi ya kuilaza. Salvia ya Meksiko yenye maua kama mahameli, Salvia leucantha, itawafaa zaidi.

Mwaka wa nne mmea huanza kuwa tupu katikati. Mwezi wa Aprili nauchimbua wote kwa sepetu, naukata vipande vitatu kwa kisu kikali, na kila kipande kiwe na mizizi na machipukizi yasiyopungua matatu. Sehemu kavu ya katikati naitupa kwenye mboji. Msitegemee mbegu, kwa kuwa miche ya Caradonna inayotokana na mbegu haifanani na mama yake. Vipande viwili hivi vinarudi kwenye tuta hili leo, na cha tatu nimekifunga kwa gazeti lililoloweshwa, maana jirani yangu wa upande wa pili wa ua anakisubiri tangu mwaka jana.